Karatasi za Saruji za Mwalimu Sidonia

Nianze na ubaya wangu, asije mtu akasema nimeuficha. Kistari kile nilikichora mimi. Kalamu yangu, mkono wangu, akili zangu timamu, mchana kweupe. Nitasema mengi kuhusu Mwalimu Sidonia na kuhusu wengine, maana mdomo sijaazima kwa mtu, lakini unaposoma ukumbuke kwamba anayesema ndiye aliyechora.

Jina la shule silitaji. Iko pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande wa kuelekea Chamwino, mahali ambapo nikiwa msichana palikuwa mashamba ya uwele na karanga. Serikali ilipohamia huku, mashamba yakageuka nguzo za zege. Tukapata majirani wenye mageti yanayojifungua yenyewe, ila watoto wao wanapita mbele ya shule yetu kwenye mabasi ya njano wakienda kusoma kwingine. Kwetu wanasoma watoto wa mafundi ujenzi, wa walinzi na wa mama lishe. Darasa langu la mwisho lilikuwa na watoto tisini na sita, na kufika dawati la nyuma ilikuwa safari ya kuomba radhi njia nzima.

Mimi ni Emilia, Mgogo wa hapa hapa, mwalimu wa taaluma. Maana yake ni kwamba ratiba, mitihani na fomu zote za shule zinapita mikononi mwangu, na lawama pia. Sidonia ni Msandawe kutoka Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba. Amenizidi miaka kumi na mbili, kwa hiyo namwita dada naye ananiita mdogo wangu. Ana miaka ishirini na saba kazini na hajawahi kupewa cheo, hata cha kusimamia bustani. Anafundisha Kiswahili na Maarifa ya Jamii. Akikasirika anarudi kwenye lugha ya kwao, ile ya kugonga ulimi, na darasa zima linatulia kwa sababu hakuna anayejua ametukanwa nini.

Elimu maalum hakuisomea. Hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye watu walipenda kusema "mtaalamu wetu". Hakuwa mtaalamu wa kitu. Alikuwa mwanamke mwenye hasira na mwandiko mzuri.

Shamila aliletwa shuleni kwetu akiingia darasa la tano. Mama yake, Joha, alikuwa ametoka Chemba kuja kupikia mafundi kwenye jengo moja la wizara, na alikuwa amepanga chumba Chang'ombe, ile ya hapa Dodoma. Barua ya uhamisho ilisema mtoto ni "mtiifu, uelewa mdogo". Huo uelewa mdogo tuliuona siku ya kwanza: mtoto alifungua daftari, akainama mpaka pua ikagusa karatasi, akawa anaisogeza pua kushoto kwenda kulia. Macho yake hayatulii, yanacheza muda wote, na toka azaliwe yanaona kwa shida. Ubaoni haoni kitu hata akikaa dawati la mbele. Wenzake hawakuchelewa. Kufika saa nne walikuwa wameshampa jina la Kinusi.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Yotham, alimtazama mara moja akasema, "Huyu apelekwe kwenye shule zao." Shule zao zilikuwa mbali, zinataka barua saba, na zimejaa. Akawekwa darasani kwa Sidonia wakati barua zinashughulikiwa. Mpaka leo zinashughulikiwa.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta Sidonia kibarazani baada ya vipindi, amepiga magoti, anakung'uta mifuko mitupu ya saruji. Mifuko hiyo ina karatasi mbili tatu ndani kwa ndani, na ile ya katikati haigusi saruji, inabaki safi, ngumu, rangi ya udongo. Joha alikuwa anaiokota pale anapopikia na kuileta imefungwa mzigo. Sidonia anachana kwa wembe, anapiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo inalala, kisha anachukua maka peni nyeusi na kunakili kitabu cha darasa la tano kwa herufi za ukubwa wa pingili ya kidole gumba. Ukurasa mmoja wa kitabu unakula karatasi nne. Zikifika ishirini anazishona kwa uzi wa magunia.

"Dada, utanakili kitabu kizima?" nilimuuliza.

"Vipo sita," alinijibu. "Kaa hapo unisomee, mdogo wangu, mimi niandike."

Nilikaa siku hiyo. Siku nyingine nilikuwa na fomu zangu.

Mtoto alianza kusoma. Sitaki kulipamba jambo hili, kwa sababu halikuwa muujiza. Alikuwa na akili siku zote, ila hakuna aliyewahi kumpa kitu kinachosomeka. Aliinama juu ya karatasi za saruji kwa sauti ya chini, akitingisha mguu, na vumbi lililobaki lilimfanya apige chafya katikati ya sentensi. Muhula wa kwanza alikuwa wa sabini na kitu. Darasa la sita akawa wa tisa. Darasa la saba akaingia akiwa wa pili, nyuma ya mtoto wa mwinjilisti ambaye alikuwa haongei na mtu. Kila jaribio nililotunga, Sidonia alilichukua asubuhi, akalinakili kwa maka peni, akamwekea. Hata mtihani wa majaribio wa wilaya, ambao tulijisimamia wenyewe, aliunakili hivyo hivyo, na Mkuu akajifanya anatazama nje. Mtoto alikuwa anatupandishia wastani. Nani angesema kitu?

Ndipo likatokea jambo la ajabu ambalo mpaka leo linanikera kulifikiria. Tulisahau kwamba haoni. Kweli kabisa. Lile jina la Kinusi likafa lenyewe. Watoto walimshika mkono kwenda chooni bila kuambiwa, na karatasi za saruji zikawa kitu cha kawaida kama ndoo ya maji mlangoni. Walikuja wageni wa shirika moja na magari mawili, wakazipiga picha karatasi zile, wakampiga picha Sidonia ameshika maka peni, wakatoa fulana nyeupe zilizoandikwa "Elimu Jumuishi: Hakuna Anayeachwa". Sidonia alitumia yake kufutia ubao. Mkuu aliikunja yake vizuri akaiweka kabatini.

Kwa nini mwanamke huyu alijitesa hivyo, nilikuja kujua siku moja tukiwa kibarazani, yeye anapiga pasi, mimi nashona kwa uvivu. Alikuwa na kaka yake, Damiani. Macho ya Damiani yalikuwa kama ya Shamila: yanacheza, yanaona kidogo. Alikuwa anachunga mbuzi na hapotezi hata mmoja, na anapanda miti kufuata mizinga ya asali ya baba yao. Wakaja watu na daftari, nyumba hadi nyumba, wakamwandika. Safu ya ulemavu wakaandika "kipofu", kwa kuwa daftari lao halikuwa na neno la mtu anayeona kidogo. Lori likamchukua kwenda shule ya bweni mkoa wa mbali. Kule walimfundisha kusoma kwa vidole, wakamwambia afumbe macho ili asizoee vibaya.

"Alirudi ana miaka kumi na sita," Sidonia alisema, pasi ikiwa hewani. "Anapapasa ukuta. Nyumba aliyozaliwa, mdogo wangu, anaipapasa ukuta. Macho yale madogo aliyokuwa nayo aliyaacha huko. Mpaka leo amekaa uani kwa mama, hafanyi kitu. Kama yule bwana angekosa wino siku ile, Damiani angekuwa mrina asali."

Akarudisha pasi kwenye karatasi. Nilimwambia pole. Sikujua kwamba ananieleza jambo ambalo lingekuja kwenye meza yangu.

Lilikuja mwezi wa pili, mwaka wa mtihani. Fomu ya usajili wa watahiniwa wa darasa la saba ilikuwa mbele yangu, majina tisini na sita, na ilitakiwa ifike halmashauri siku hiyo hiyo kabla ofisi hazijafungwa. Ina safu nyingi, na ya mwisho inauliza mahitaji maalum. Nilifika kwenye jina la Shamila, nikanyanyua kichwa. Sidonia alikuwa anasahihisha madaftari meza ya pili.

"Dada, Shamila nimwandike? Uoni hafifu?"

Hakunyanyua macho. "Mwache."

"Nisimwandike?"

"Mwandike jina lake na namba yake. Ni mtoto kama hao wengine. Nyie mkishaandika neno, neno ndilo linalobaki, mtoto anaondoka."

Mkuu alikuwa mlangoni anakunywa chai. "Mwalimu Sidonia amesema vizuri," akadakia. "Ukijaza hapo, watakuja kukagua. Vyoo, ngazi, mara taarifa ya kila mwezi. Na mtoto mwenyewe ni wa pili darasani. Wa pili, Madamu Emilia! Utamwambia nani kwamba haoni?"

Sasa sikiliza. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimeitwa semina Morogoro, siku tatu, walimu wa taaluma peke yetu. Mwezeshaji alisema, na niliandika kwenye daftari langu ambalo ninalo mpaka leo, kwamba mtoto mwenye uoni hafifu akijazwa kwenye safu ile, siku ya mtihani inakuja karatasi yake ya maandishi makubwa, anaongezewa muda, na kifaa chake cha kusomea kinaruhusiwa. Asipojazwa, hakuna kinachokuja. Sidonia hakuwahi kupelekwa semina yoyote. Kwake yeye, safu ile ilikuwa daftari la wale watu wa lori. Mimi ndiye niliyejua kwamba safari hii neno halikuwa la kumwondoa mtoto, lilikuwa la kumbakiza.

Na kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana na jibu lake ni la aibu kwa jinsi lilivyo dogo. Ilikuwa saa nane, nilikuwa sijala, na nilijua nikianza kueleza Sidonia atakuja juu, atagonga ulimi, Mkuu atatia maneno, na fomu itachelewa. Nikasema moyoni, huyu mtoto ni hodari, atajua la kufanya. Nikachora kistari. Nikaenda kula ugali.

Sidonia hakuwa mjinga, alikuwa na mpango wake. Alikwenda sokoni kwa fundi saa, akanunua lenzi ya mkononi, kioo kile kinachokuza, akamfundisha mtoto kukitembeza juu ya maandishi ya kawaida. Walifanya hivyo kuanzia mwezi wa tano. Ilikuwa kazi ya polepole, neno moja baada ya jingine, lakini kufika mwezi wa nane Shamila alikuwa anamaliza karatasi nzima, akichelewa kidogo tu. Kwa hiyo yeye hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na lenzi.

Mtihani ulikuwa Jumatano na Alhamisi. Jumanne watoto walionyeshwa madawati yao, na msimamizi mkuu, mwalimu wa shule nyingine, mtu mnyoofu wa mashati ya kupigwa pasi, alipita na orodha akikagua walichobeba. Penseli, kifutio, basi. Alipofika kwa Shamila akakuta lenzi imefungwa kwenye leso.

"Hii nini?"

"Ya kusomea, Mwalimu," mtoto akajibu.

Sidonia alikuwa dirishani. Akaingia, ingawa hakutakiwa kuingia. "Shikamoo" hakusema, maana alikuwa anamzidi umri yule bwana, alimwambia moja kwa moja, "Huyu haoni vizuri, Mwalimu. Bila hiyo hawezi."

Yule bwana akatazama orodha, akashusha kidole mpaka kwenye jina, akakipeleka mpaka mwisho wa mstari. "Hapa kuna kistari," akasema, bila ubaya wowote. "Mwenye uhitaji ameandikwa, na karatasi yake kubwa inakuja imefungwa, na muda wake unaongezwa. Huyu hajaandikwa. Kifaa kisichoandikwa hakiingii. Nikikiruhusu, kesho naitwa mimi."

"Karatasi kubwa?" Sidonia aliuliza. "Zipo?"

"Zipo miaka yote, Mwalimu."

Niliona uso wake ukigeuka kunitafuta. Nilikuwa mlangoni, nimeshika faili.

"Emilia," akaniita. Hakusema mdogo wangu. "Ulijua?"

Nilisema, "Nilikuuliza, dada."

Hilo ndilo nililosema. Nilikuuliza. Mbele ya watoto tisini na sita. Alinitazama mpaka mimi nikatazama chini, kisha akatoka akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, viatu mkononi, kwenda kudandia bodaboda. Alikwenda halmashauri. Alipanda ngazi za ofisi tatu. Kila mmoja alimsikitikia, kila mmoja alimwambia karatasi zilishafungwa kwa lakiri tangu mwezi uliopita, na mmoja alimpa maji ya chupa. Mkuu alipopigiwa simu kuulizwa alisema mtoto yule ni wa pili darasani, kwa hiyo yeye haelewi tatizo liko wapi.

Siku za mtihani walimu wa shule yenyewe hatusogei madarasani. Mgambo anakaa mlangoni na bunduki yake. Jumatano tulikaa jikoni, pale panapopikwa uji, kwa sababu kutoka pale dirisha la chumba cha Shamila linaonekana. Sidonia alikuwa na mkoba. Ndani alikuwa na lenzi, maka peni mbili mpya, na karatasi kumi za saruji zilizopigwa pasi.

"Za nini, dada?"

"Huenda wakaniita."

Hawakumwita. Tulimwona Shamila ameinama, pua kwenye karatasi, anaisogeza. Msimamizi akaja, akagonga dawati lake kwa penseli. Mtoto akainuka, akakaa wima. Msimamizi alipoondoka akainama tena. Akarudi, akagonga tena. Baadaye nilikuja kusikia kwamba alidhani mtoto anaficha kitu chini ya uso wake, na alimwambia, "Binti, kaa vizuri kama wenzako." Kwa miaka mitatu Sidonia alikuwa amewaambia watu wote kwamba huyu ni mtoto kama wenzake, na sasa amepatikana aliyemsikia.

Mara ya nne mtoto hakuinama tena. Alikaa wima, mikono juu ya dawati, mpaka kengele.

Alipotoka, Sidonia alimpokea uwanjani. "Umefanyaje, mwanangu?"

"Nimesiliba, Madamu. Vyote." Majibu yanawekwa kwa kusiliba, kutia penseli kwenye viduara mpaka viwe vyeusi, na viduara hivyo ni vidogo kuliko punje ya uwele.

"Maswali uliyaona?"

"Niliiona namba yangu, maana waliiandika kubwa. Na neno Kiswahili pale juu. Mengine yalikuwa kijivu."

Sidonia alimpangusa vumbi begani, halafu akaendelea kupangusa hata vumbi lilipokwisha. Alhamisi ilikuwa hivyo hivyo.

Matokeo yalipotoka shule yetu ilikuwa ya tatu katika kata. Ikapikwa pilau. Mkuu alivaa ile fulana ya Hakuna Anayeachwa, ikiwa bado na mikunjo ya kabatini, akatoa hotuba kuhusu ushirikiano. Watoto wanne tu hawakuchaguliwa kwenda sekondari. Alisema hivyo, "wanne tu", na watu wakapiga makofi, na mimi nilikuwa na sahani mkononi, nikaiweka chini nikapiga makofi.

Joha alikuja kesho yake na kanga yake ya kupikia, harufu ya moshi. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Aliuliza swali moja ofisini, mbele yetu wote. "Walimu wangu, mwezi wa sita mliniambia mwanangu wa pili. Naomba kujua, amekuwa mjinga lini?"

Mkuu akaanza kueleza mambo ya ushindani wa kitaifa. Sidonia akamkatiza. "Siyo yeye, mama Shamila. Ni mimi. Nilikataa aandikwe. Niliogopa watamchukua, nikamfungia mlango mwenyewe. Usimlaumu mtoto, nilaumu mimi."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nilichotakiwa ni kufungua mdomo huu ambao siku zote haufungiki. Ningesema, mama, yeye hakujua, mimi nilijua. Nilitazama faili zangu. Joha akamwambia Sidonia, "Mifuko niliyokuletea yote ile," akatoka. Sidonia aliichukua lawama nzima akaondoka nayo, na hakuniambia neno, siku ile wala baadaye. Kusema kweli angenitukana kwa lugha yao ningelala vizuri zaidi.

Tangu hapo hajanakili kitu. Mwaka huu ameingia mtoto darasa la tatu, anaitwa Faridi, naye macho yake ni mabovu. Sidonia alimshika mkono akamleta mpaka mezani kwangu siku ya kwanza. "Mwandike," akasema. Nikamwandika, kwa herufi kubwa, safu zote. Ameandikwa vizuri sana Faridi. Yuko kwenye takwimu za kata, za wilaya na za mkoa. Anakaa dawati la mbele, ubao haoni, na kitabu cha maandishi makubwa hakijaja. Nilijaribu kumnakilia mimi. Mwandiko wangu unapanda mlima, maka peni inavuja, na baada ya kurasa sita mgongo ulinishinda. Nilipomwomba Sidonia anisaidie alisema, "Si ameandikwa? Zitakuja." Aliisema polepole, na nilijua amesema kwa ajili yangu.

Shamila alikuja mwezi wa kwanza, wiki ambayo wenzake walikuwa wanapita na sare mpya za sekondari. Sasa anamsaidia mama yake kuosha sufuria kwenye majengo. Alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu, akasalimia upande ambao sikuwepo.

"Shikamoo Madamu Emilia."

"Marahaba, mwanangu. Niko huku."

Akageuka. "Nimekuja kuomba kitu. Ule mtihani, maswali yake yapo?"

Yalikuwepo. Nakala hubaki, tunazitumia kufundishia wanaofuata. Nikamwambia yapo.

"Naomba unisomee. Nataka kujua waliuliza nini."

Ningeweza kusema nina kazi. Nilifunga mlango, nikamweka kwenye kiti, nikatoa karatasi ya Maarifa ya Jamii, maswali arobaini na tano. Nikaanza kusoma. Swali la kwanza nilisoma na majibu yote manne. Hakusubiri nimalize. La pili hivyo hivyo. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, anatingisha mguu kama zamani, na kila jibu alikuwa analisema pamoja na mahali lilipokuwa: "Hilo lipo ile karatasi yenye doa la mafuta." "Hilo Madamu Sidonia aliliandika mara mbili, alikosea akarudia." Nilikuwa naweka alama ndogo kwa penseli, kwa mazoea tu, mkono wa mwalimu haukai.

Tulipomaliza akacheka, kicheko cha kweli, cha mtu aliyeondolewa wasiwasi.

"Kumbe ulikuwa rahisi, Madamu."

Akashukuru, akaaga, akasema sufuria zinamsubiri. Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi, kwa sababu ile ngazi ya tatu ilivunjika toka mwaka juzi na yeye haioni.

Niliporudi nilimkuta Sidonia amekaa meza yake. Kuta za ofisi yetu hazifiki kwenye bati, na yeye alikuwa chumba cha pili, stoo ya vitabu, muda wote. Alikuwa ameshika karatasi yangu ya maswali lakini ameigeuza kifudifudi.

"Amepata mangapi?" akauliza.

"Sikuhesabu, dada."

"Umehesabu."

"Arobaini na moja," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akairudisha karatasi kwenye faili langu, mahali pake kabisa. Kengele ikagongwa. Alichukua chaki mbili na kitambaa chake cha kufutia ubao, akaenda kufundisha darasa la tatu.